Mume wangu anasema Dodoma hakuna pa kula

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 37. Nimezaliwa Chang'ombe hapa hapa Dodoma, nikasoma hapa mpaka nilipokwenda chuo Dar es Salaam. Huko ndiko nilikopata kazi na ndiko nilikokutana na mume wangu, mtu wa Mwanza. Serikali ilipohamia Dodoma na ofisi yetu ikahama, tukafika mwaka 2019. Wenzangu wengi walilia siku ya kufunga mizigo. Mimi nililia kwa furaha, nilikuwa narudi nyumbani.

Tumejenga Ilazo, tuna kagari ketu, hatulali njaa. Mume wangu ni mtu mwema na naomba usimfikirie vibaya. Lakini tangu tufike ana neno moja: Dodoma hakuna pa kwenda, hakuna pa kula. Siku za kazi tukichoka tunaagiza chipsi kuku, bodaboda analeta, kila mtu anakula kwenye kochi anaangalia simu yake. Mshahara ukitoka, Ijumaa jioni tunapanda treni kwenda Dar. Nauli tu ya daraja la kawaida, sisi wawili na watoto kwa nusu nauli, kwenda na kurudi ni 186,000. Hapo hatujala, hatujaenda ufukweni, hatujalipa teksi. Jumapili usiku tunarudi tumechoka, hela imekwisha.

Mwaka jana nilijaribu. Siku ya kuzaliwa mume wangu niliwaalika wenzake wa ofisini, tukawa watu wanane, tukaenda usiku mahali panaposifiwa kwa vyakula vya asili. Tulisubiri saa moja na nusu. Ugali wa uwele ulifika umeshapoa, mlenda umeganda juu, tukapewa na uma. Mmoja wao akauinua ule mlenda kwa uma, akasema, "Kumbe hiki ndicho kinachowakimbiza Wagogo kwenda kuomba barabarani Dar." Meza nzima ikacheka. Mume wangu naye alicheka, na mimi nikacheka nao. Nyumbani nilijifungia bafuni nikalia. Tangu siku hiyo sijasema tena twende mahali.

Kilichonifanya niandike ni mwanangu mdogo. Ana miaka sita, amezaliwa hapa hapa. Mwalimu aliwauliza darasani nyumbani kwao ni wapi, yeye akajibu, "Kwetu ni Dar, Dodoma tunakaa tu."

Mama yangu bado yuko Chang'ombe, huwa nampitia nikipata nafasi, na mjomba ana shamba la zabibu Mpunguzi.

Shangazi, nataka watoto wangu waupende mji niliozaliwa, na mimi mwenyewe nifurahie kuishi kwetu. Nimwambie mume wangu hizi safari za Dar basi? Au nikubali tu kwamba mji wangu hauna raha?

Mzaliwa wa Chang'ombe, Ilazo

*

Marahaba mwanangu.

Nianze na ule usiku, maana naona bado unauma na wewe umeupitia haraka kama mtu anayeruka dimbwi.

Utani tunaujua. Nimekulia katikati ya watani, nimetaniwa msibani mpaka nikacheka na machozi yananitoka. Lakini utani una pande mbili. Mtani akikurushia unamrudishia, na kila mmoja anajua mwenzake anaweza kumjibu. Wewe ulikuwa mwenyeji peke yako kwenye meza ya watu wanane, umetoa hela yako kuwaonyesha cha kwenu, na neno lililosemwa lilihusu umaskini wa watu wako. Ule haukuwa utani. Mumeo ameishi na wewe miaka yote hii na pengine hajui mpaka leo kwamba ulilia. Mwambie. Chagua jioni watoto wamelala, umwambie kitu hicho kimoja tu: siku ile ulipocheka na wao, uliniumiza. Usichanganye na treni, wala na nauli, wala na nani anaupenda mji upi. Mkianza kugombania miji miwili, lile jeraha litapotelea humo na hamtalizungumza tena.

Sasa chakula chenyewe. Mlenda hausubiri mtu, mwanangu, na kosa la usiku ule lilianzia hapo.

Wewe umezaliwa Chang'ombe, haya unayajua, lakini niache niyaseme ili na wengine wanaosoma wayajue. Nenda kwa mama lishe yeyote mzuri maeneo ya soko la Majengo, saa saba mchana. Mlenda wake mkavu, uliosagwa, yuko nao kwenye kopo. Maji yakichemka anatia magadi kidogo, anatia nyanya, anamwaga ule unga kwa mkono huku anakoroga, kisha karanga alizotwanga. Sufuria inapanda povu. Anauinua mwiko juu, na mlenda unashuka kama uzi mmoja usiokatika. Hapo umeiva, na ugali wa uwele nao uwe tayari, wa moto, wenye rangi ya majivu, umepinduliwa kwenye sahani. Unakata tonge, unalibonyeza kwa dole gumba liwe na shimo, unachota, halafu unazungusha kiganja mara moja kuukata ule uzi. Asiyejua kuzungusha anachafua shati, na hapo jirani yake wa benchi, asiyemjua hata kwa jina, anamshika mkono kumwonyesha. Nimeona hilo mara nyingi kiasi cha kuamini kwamba mlenda unafundishwa kwa mkono. Uma hauukati. Wageni wako walipewa chakula kilichoganda na chombo kisichokiweza, watawezaje kukipenda?

Na watoto wako waambie kwa nini tunakula hivyo. Mvua yetu inaanza Desemba, Aprili imekwisha, na hata hiyo miezi michache haina uhakika. Baada ya hapo ni jua na upepo mpaka mwisho wa mwaka. Bibi zetu walichuma mlenda wakati wa masika, wakauanika, wakautwanga, wakauweka. Walilima uwele na mtama kwa sababu vinavumilia ukame ambao mahindi hayauwezi. Mwanamke aliyeweza kulisha nyumba mwezi wa Oktoba kwa majani aliyoyachuma mwezi wa Februari alikuwa na akili na mpango. Mwanao akiyasikia hayo kutoka kwako, siku atakayosikia mzaha kama ule atakuwa na cha kujibu.

Mumeo naye nimtendee haki. Huduma kwenye migahawa yetu mingi ni ya taratibu mno. Saa moja na nusu ni nyingi kwa mtu yeyote, sembuse mwenye watoto. Kidogo ni sababu ya jikoni: kuku wa kienyeji ni mgumu, lazima achemshwe kwanza ndipo achomwe, na anayekupa kwa dakika 20 amekupa kuku wa kisasa. Lakini kingi ni mazoea. Watu wazoefu wa hapa wanapiga simu mchana, wanasema tutakuja saa moja, tuwekee kuku wawili, halafu wanakuta meza iko tayari. Na mahali palipowakosea mngemwita mwenye mgahawa mkamwambia usoni kwa adabu. Wengi hawajui, kwa sababu wateja wanaondoka kimya na kwenda kumsema mjini.

Sasa nikuambie ninachokiamini kwa dhati, nimekaa mji huu zaidi ya miaka 50. Raha ya kula nje katika mji wako haiko kwenye kutafuta mahali papya kila wiki. Iko kwenye kurudi pale pale mpaka wakujue. Dar mnakula kama wageni: sehemu nzuri, picha, bili, kwaheri. Hiyo ni raha yake na siikatai. Lakini hakuna anayeuliza kesho yake mbona hamjaonekana.

Marehemu mume wangu alikuwa mtu wa Songea, wa reli. Alipohamishiwa hapa mwaka 1984 alisema maneno hayo hayo ya mumeo, na wakati huo alikuwa na haki kuliko mumeo, maana mji ulikuwa vumbi na ahadi. Tangu TANU ilipoamua mwaka 1973 kwamba makao makuu yaje Dodoma, tulikuwa tunaambiwa subirini. Sikumbadilisha kwa maneno. Alianza tu kunywa supu asubuhi kwa mama mmoja karibu na stesheni, kwa sababu ndiyo iliyokuwa njiani kwake. Kila siku supu ya ng'ombe, chapati mbili, ndimu na pilipili. Baada ya miezi michache yule mama akawa anamwekea kongoro lake pembeni bila kuulizwa. Halafu mume wangu akaugua malaria, siku tatu hajatoka ndani. Siku ya tatu mtoto akabisha hodi na chombo kimefungwa kwa kitambaa: "Mama anasema mzee wa reli hajaja, kama anaumwa anywe hii." Mimi mkewe nilisimama mlangoni nimeshika ile supu ya moto, sikujua la kusema. Alipopona, kaka yake alipomwandikia kumuuliza lini atarudi kwao, ndipo nilipomwona anaandika kwenye barua, "hapa kwetu Dodoma".

Hicho ndicho mumeo hajakipata hapa, na hawezi kukipata kwa bodaboda anayeacha mfuko getini.

Kwa hiyo usimkataze treni. Ukimkataza utakuwa umeigeuza Dodoma kuwa adhabu. Reli hii ni kitu kizuri, na ina pande mbili. Hao ndugu na marafiki mnaowafuata Dar, waambie safari hii waje wao. Waje mwezi wa Agosti au Septemba zabibu zikiwa zimeiva, au Februari na Machi kwenye msimu mwingine. Mtu aliyezoea zabibu za dukani akikata kishada mwenyewe shambani, akala kina joto la jua, ataongea habari hiyo mwaka mzima. Na wewe una mjomba Mpunguzi! Kuna watu wanatafuta kwa tochi wa kuwapeleka shambani, wewe una damu yako barabara ya Iringa na umemtaja kama mtu anayetaja kabati.

Chagueni mahali pawili tu. Pa kwanza pawe pa mumeo. Mtu wa Mwanza mwache ale samaki. Sato wanafika hapa, na wapo wanaowapika vizuri. Ukimlazimisha mlenda kila wiki atauchukia kama dawa. Jumamosi asubuhi atafute supu yake, aende na yule mkubwa, wakae benchi moja na wanaume wanaobishana kuhusu Simba na Yanga. Dodoma Jiji ikicheza nyumbani, ampeleke mtoto uwanja wa Jamhuri, watoke hapo na mishkaki. Mtoto anayeshangilia timu ya mji haulizwi mara mbili kwao ni wapi.

Pa pili pawe pako. Mama lishe mmoja, siku moja ya wiki, saa zile zile. Nenda kwanza wewe na mumeo peke yenu, mchana, mkono mtupu bila uma. Usiwaalike wale watu wanane. Na usikae unamtazama usoni kila anapomeza, maana nahisi usiku ule ulifanya hivyo. Uliweka mji mzima kwenye sahani ukangoja hukumu. Kula chakula chako kwa sababu unakipenda. Mwite mama kwa jina lake, muulize mwanawe amefaulu, akikosa chenji mwambie utaichukua wiki ijayo. Akiwa na msiba, nenda. Ndivyo tunavyoishi sisi, na unajua, ni kwamba tu ofisi na uchovu vimekusahaulisha.

Jioni moja moja wapeleke watoto Nyerere Square au bustani ya Chinangali wakimbie. Nyumbani Ilazo, gongeni mlango wa jirani. Sensa ya 2012 ilikuta watu 410,956 katika wilaya ya Dodoma Mjini. Ya 2022 ikakuta 765,179 katika jiji. Fikiria ni nyumba ngapi kwenye mtaa wenu zina mama aliyetoka Bukoba au Mtwara, hana shangazi hapa, hana mtu wa kumwachia mtoto, anakula chipsi kwenye kochi kama ninyi na kuamini kwamba Dodoma hakuna watu. Wote wanangoja mwenyeji awakaribishe, na mwenyeji mwenyewe ndiye wewe. Pika siku moja makande au pilau, kitu chepesi kisicho na hoja, uwaite nyumba mbili. Geti likifunguliwa mara moja, mara ya pili watalifungua wao.

Nimebakiza jambo moja, na hili nalisema kwa upendo. Barua yako ni ndefu. Umeniambia nauli ya treni mpaka shilingi ya mwisho. Umeniambia mwenzake mumeo alisema nini neno kwa neno. Mama yako umempa nusu mstari, pamoja na shamba la mjomba: "huwa nampitia nikipata nafasi." Kutoka Ilazo mpaka Chang'ombe ni safari ya gari ya muda mfupi, na kila mwezi mnasafiri karibu kilomita 460 kwenda kutafuta mahali pa kujisikia nyumbani.

Mwanao amesema kweli, usimkasirikie. Mtoto wa miaka sita anaita kwao pale anapofurahi na wazazi wake wakiwa wamefurahi, na hilo amelionea Dar peke yake. Hajamwona bibi yake akipepeta karanga asubuhi. Hajaambiwa "mbukwenyi", salamu yetu ya Kigogo, mlangoni akajifunza kuitikia. Hajalala Chang'ombe akaamshwa na jogoo wa jirani, akatumwa mandazi na hela mkononi, akaulizwa njiani na kila mtu mzima, "Wewe mtoto wa nani?" Hilo swali, mwanangu, ndilo linalomfanya mtoto ajue kwao. Mpeleke Ijumaa, umchukue Jumapili. Wikiendi moja kwa mwezi iwe ya Dar ukipenda, na moja iwe ya bibi.

Na anzeni Jumamosi hii na mnada wa Msalato, kwa sababu pale mumeo hatahitaji kushawishiwa. Toka barabara ya Arusha, mtaona magari yameegeshwa na moshi umepanda. Nyama mnachagua wenyewe ikiwa mbichi, mnapima kilo, mnamkabidhi mchomaji na mnamkumbuka sura maana wapo wengi. Wakati inachomwa tembeeni mnadani, watoto waone mbuzi wakinunuliwa na kubishaniwa bei, wanunulie kofia au miwa. Mkirudi inakatwa mbele yenu juu ya ubao, inawekwa kwenye sinia na ndizi za kuchoma, kachumbari na chumvi pembeni, mnakula kwa mikono mmezunguka sinia moja. Hakuna pa kuweka simu, mikono yote ina mafuta.

Fikeni kabla ya saa sita, mbavu nzuri ndizo zinazowahi kuisha. Mpitieni mama yako njiani, na kiti cha mbele mpe yeye.

Shangazi